Pamba Puani mwa Pikipiki

Pikipiki iliyoingia Shinyanga siku ile ya soko ilikuwa nzima kabisa, na jambo hilo lilimsikitisha Sabiti.

Alikuwa amekaa barazani kwa Bi Mwahija, muuza chai, akiisikiliza inavyopanda kutoka upande wa stesheni. Ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, tangi lina makunyanzi kama mfuko wa ngozi, lakini injini ilikuwa ikipiga sawasawa, pigo baada ya pigo, haikosi hata moja. Sabiti alifumba macho kuisikiliza. Alikuwa na sikio la ajabu. Miaka michache nyuma alimbebea vyuma Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu huko Geita, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha pikipiki ya bwana huyo inaamka kila asubuhi. Angeweza kukaa nyuma ya ukuta akakwambia kama ni plagi imejaa masizi, kama petroli imeingia maji, au kama valvu haifungi vizuri. Mtu mwenye kipaji cha namna hiyo angefungua karakana, akaoa, akaheshimiwa. Sabiti aliona njia hiyo ni ndefu mno. Yeye alikitia ugonjwa chombo cha mtu kwa mkono wa kushoto, akakitibu kwa mkono wa kulia, na katikati hapo ndipo alipopata riziki yake.

Safari hii, hata hivyo, hakutaka ujira wa kutibu. Aliitaka pikipiki yenyewe.

Sababu ilikuwa imesimama nyuma yake ikikuna nazi. Bi Mwahija alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameachika mara moja na hakujutia, na mwaka ule alikuwa ameamua kuhamia Geita. Dhahabu ilikuwa imewatoa watu akili. Wachimbaji walimiminika kutoka kila upande, na hakuna aliyekuwa akiwapikia chai ya maana. Wanaume kadhaa walitaka kwenda naye kama mume. Sabiti, ili awazidi wote, aliwahi kujigamba mbele ya wateja kwamba ana pikipiki yake mwenyewe, iko Mwanza inapakwa rangi. Bi Mwahija akatamka, wateja hao hao wakisikia, kwamba siku Sabiti atakayosimama barazani na pikipiki iliyo mali yake kwa haki, wataenda kwa kadhi siku hiyo hiyo. Asipokuja nayo kabla pamba haijaisha kununuliwa, yeye atapanda lori aondoke, na chumba cha mume kitabaki wazi kwa mwingine.

Rangi ile ya Mwanza ilikuwa haikauki. Na Sabiti alimpenda yule mwanamke. Hilo lazima lisemwe wazi, maana ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwa amelitia chumvi.

Mwenye pikipiki alifika mbele ya baraza, akaizima, akasimama kwa kushusha miguu yote miwili chini kwa pamoja. Alikuwa bwana mnene, mweusi tii, amevaa koti jeusi na shanga za kutosha harusi mbili. Jina lake Mihayo, kutoka Kishapu, mwenye ng'ombe wengi na mashamba ya pamba. Wasukuma wote waliokuwa sokoni walimjua, kwa kuwa alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma, wa kundi la Bagalu. Hakupiga hatua tatu kabla hajakutana na mtu wa kwao. Na mtu wa Kishapu akikutana na mwenzake mjini hasemi tu habari za siku nyingi. Waliamkiana mwangaluka, wakaulizana habari za wazee, za watoto, za ng'ombe mmoja mmoja, za kisima, za shemeji wa upande ule, kisha kila mmoja akamwuliza mwenzake upya ili kuhakikisha.

Wakiwa bado kwenye ng'ombe, Sabiti alitoka barazani taratibu, akainama pembeni ya pikipiki kurekebisha kiatu. Karibu na mguu wake palikuwa na gunia la pamba lililopasuka. Alinyofoa pamba kidogo, akaisokomeza mdomoni mwa kabureta, pale injini inapovutia hewa. Kisha akalegeza waya wa plagi, kiasi tu cha kuufanya usijue kama unaenda au unabaki. Walipofika kwenye habari za shemeji, alikuwa ameshakaa tena na kikombe chake.

Mihayo alirudi, akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa. Akapiga tena. Ikatoa moshi mweusi, ikatetemeka, ikanyamaza kama inayofikiri, halafu ikapasua mlio mmoja kama wa bunduki ya tembo. Soko zima likakimbia. Punda mmoja aliondoka na mzigo wa chumvi ambao hadi leo mwenyewe anaulizia. Lakini watu walipoona hakuna aliyekufa walirudi, na waliorudi walikuwa wengi kuliko waliokimbia. Waliizunguka pikipiki, wakasimama juu ya magunia, wakapandiana mabegani.

Hapo Sabiti akainuka, akakung'uta kanzu, akaja na uso wa mtu anayeingia nyumba ya mgonjwa.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Imeanza lini kukohoa?"

"Marahaba. Sasa hivi hivi."

"Hapo ndipo panaponitisha. Ugonjwa unaokuja polepole una adabu zake. Huu umeingia bila hodi."

Akawaomba watu wanyamaze. Aliwahi kulazwa na homa ya mapafu na kuwachungulia matabibu wanavyofanya kazi, basi akaligonga tangi kwa vidole viwili huku sikio likiwa limebandikwa upande wa pili, akaguna. Akagonga chini kidogo, akaguna kwa huzuni zaidi. Akamwuliza Mihayo kama inakohoa zaidi asubuhi au jioni, kama ikipanda mlima inahema, kama kuna yeyote katika ukoo wa pikipiki hiyo aliyekufa ghafla. Mihayo alijibu kila swali kwa uangalifu. Mwisho Sabiti akaifungua plagi, akaiinua juu watu waone: nyeusi tititi, imevaa masizi kama chungu cha matanga. Kila fundi anajua kwamba injini iliyozibwa hewa hunywa petroli kupita kiasi na kutoa masizi ya namna hiyo. Lakini pale hapakuwa na fundi mwingine, na Sabiti alikuwa amelihakikisha hilo kwanza.

Hukumu yake ilikuwa kwamba mapafu yameoza. Itatembea siku mbili tatu hivi, kisha itapasuka, na ina tabia ya kungoja mpaka mwenyewe awe ameipanda. Kwa kuwa yeye ana huruma, yuko tayari kuuchukua mzoga huo akautupe mbali kwa gharama zake, na mzee asirudi kwa miguu ampe baiskeli nzuri. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekuwa akinyolewa duka la pili, lakini hilo lingezungumzwa baadaye.

Sabiti aligundua kwamba muda wote ule Mihayo hakuwa akiitazama plagi. Alikuwa akiwatazama watu.

"Fundi," Mihayo akasema kwa sauti ya chini. "Huu mlio wake. Unaweza kuongezwa?"

Sabiti, mtu wa mjini, baba yake alitoka Tabora na mama Bagamoyo, alikuwa ameishi Shinyanga miaka mingi bila kujishughulisha na ngoma za watu wa mashamba. Ilibidi aketishwe barazani aelezwe. Kila mwaka, mavuno yakiisha, Bagalu na Bagika hushindana mbina, ngoma yao. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na hakuna mwamuzi ila miguu ya watu: aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana kila ningi hutafuta kivutio na dawa ya kuvuta watu, waiitayo samba. Mageni, ningi wa Bagika, alikuwa na fisi aliyefundishwa kucheza na njuga miguuni. Kwa fisi huyo alimshinda Mihayo mwaka wa kwanza, akamshinda mwaka wa pili, na sasa watu wa Kishapu walikuwa wakimwamkia Mihayo kwa upole, jambo ambalo hakuna ningi anayeweza kulivumilia. Aliinunua pikipiki kwa ajili ya mbina, lakini ilikuwa ikienda kimya kama mtu anayekwenda kanisani. Nani aache fisi aje kutazama kitu kama hicho?

"Leo ndiyo mara ya kwanza imeniletea watu," Mihayo akasema. "Usiiponye."

Mwingine angekata tamaa. Sabiti alimeza chai, na ilipofika tumboni alikuwa ameshapata la kusema. Ugonjwa huu, akaeleza, haukai. Ukiachwa hivi hivi unapona wenyewe usiku, na asubuhi pikipiki inaamka kimya kama zamani. Kuutunza kunahitaji dawa na mkono unaoijua dawa hiyo. Mihayo akauliza ujira. Sabiti akasema yeye si mtu wa tamaa: mbina ikishapita, Bagalu wakishinda, apewe hicho chuma kibovu chenyewe. Mihayo akafikiri. Kile kitu kilikuwa kinakunywa petroli, hakizai, na mkewe alikiogopa. Akakubali. Akaapa mbele ya wateja wote, na Bi Mwahija, akiwa na upawa mkononi, akasema amesikia.

Basi Sabiti akahamia Kishapu kama mganga wa pikipiki. Alichinjiwa mbuzi, akapewa maziwa mgando na nyumba yake mwenyewe. Kila asubuhi alimwambia Mihayo ageuke, kwa kuwa dawa haitazamwi na mwenye mali, na Mihayo aligeuka kwa heshima zote, akitazama ng'ombe wake, mpaka Sabiti amalize kubadilisha pamba. Maisha yalikuwa matamu. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila pikipiki ilipopasua mlio, Sabiti alihisi maumivu ubavuni, kwa kuwa mali iliyokuwa ikiteswa ilikuwa karibu kuwa yake. Aliitaka ipige kelele za kumshinda fisi, lakini isichakae kabla ya kumfikisha Bi Mwahija Geita. Kwa hiyo akawa anaipunguzia ugonjwa kwa siri. Jioni Mihayo angekuja akasikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia fundi kwamba mgonjwa anaonekana anapata nafuu, afanye bidii.

Siku ya mbina, watu walitoka vijiji vyote. Upande wa Bagika ngoma ziliwaka mapema, na fisi wa Mageni akaingia na njuga zake, akizunguka, akiinua mguu mmoja kisha mwingine, na akina mama wakipiga vigelegele. Upande wa Bagalu walikuwepo jamaa za Mihayo, wakwe zake, na mzee mmoja aliyekuwa amelala.

Mihayo akampa fundi ishara. Sabiti akapiga kiki, na ndani ya moshi mweusi ukatoka mlio wa kwanza. Fisi akakaa chini. Watu wakageuka, mstari wa kwanza ukavuka uwanja, kisha wa pili. Kwa muda Bagalu walikuwa na nusu ya umati, na Mihayo alicheza kwa mwili wake wote, shanga zikiruka. Lakini Mageni alikuwa mtu wa kazi. Alimlisha fisi nyama kidogo, akamnong'oneza, na fisi akasimama kwa miguu ya nyuma. Watu wakaanza kurudi. Jua lilikuwa linateremka. Mihayo akampa ishara nyingine, na safari hii uso wake ulikuwa wa mtu anayezama.

Sabiti aliwaza kumwacha ashindwe. Kisha akamkumbuka Bi Mwahija na upawa wake. Bila ushindi hakuna pikipiki. Akanyofoa pamba mara tatu ya kawaida, akaisokomeza yote, akauvuta mwisho ule mkono mdogo kwenye usukani unaochelewesha cheche, akapiga kiki kwa nguvu zake zote.

Alichosahau ni jambo ambalo angemwonya mtu mwingine yeyote. Injini iliyocheleweshwa cheche na kunyimwa hewa si lazima ipasuke kwa nyuma tu. Mara nyingine hutema moto kwa mbele, kupitia mdomo wa kabureta. Na mdomoni mwa kabureta palikuwa na pamba iliyolowa petroli.

Ilipasua mlio ambao hata watu wa Mhunze, kijiji cha jirani, walisema ni radi. Mwali wa samawati ukachungulia, ukashika pamba, ukapanda bomba la petroli kuelekea kwenye tangi. Watu wote walirudi nyuma isipokuwa mmoja.

"Pikipiki yangu!" Sabiti akalia.

Alirusha mchanga kwa mikono miwili. Alivua kofia akapigia moto, kofia ikashika. Alivua kanzu akaipunga, akaizunguka pikipiki akiruka mguu huu na ule kwa kuwa ardhi ilikuwa inaungua, akapiga magoti, akainuka, akaanguka, akainuka tena, huku akilia jina la pikipiki yake kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Wapiga ngoma wa Bagalu, watu waliozaliwa na mdundo damuni, walimfuata hatua kwa hatua. Akiruka, ngoma ziliruka. Akianguka, zilianguka. Umati ukalia kwa furaha. Uwanja wa Bagika ukabaki mtupu. Wapiga ngoma wa Mageni waliziacha ngoma zao wakaja kutazama, na Mageni mwenyewe akaja nyuma yao, amemshika fisi kamba, wote wawili midomo wazi. Tangi lilipolipuka hewani lilichukua nyusi za Sabiti tu, na hapo ushindi ukawa hauna mjadala. Hakuna aliyewahi kuona ngoma kama ile Kishapu, wala mchezaji aliyejitoa kiasi kile.

Mihayo alibebwa mabegani. Aliposhushwa, alinyamazisha watu, akamwita fundi, akamkabidhi pikipiki mbele ya Bagalu na Bagika. Vilikuwa vimebaki chuma, gurudumu moja lisilo na mpira, na usukani. Akasema yeye si mtu wa kuvunja ahadi. Watu wakampigia makofi kwa uungwana wake.

Walipobaki wawili, Mihayo alichuchumaa karibu na Sabiti aliyekuwa amekaa chini, mweusi kwa masizi, suruali peke yake mwilini.

"Mimi nalima pamba, fundi," akasema kwa upole. "Siku ile Shinyanga niliiona inachungulia."

Sabiti alikawia kuelewa. "Mbona hukusema?"

"Ungeitoa."

Haya yangeishia hapo kama Mihayo angekuwa mkulima tu. Lakini ningi kazi yake ni kutunga, na mwenye ushindi mpya hawezi kunyamaza. Kabla ya jua kuzama alikuwa na wimbo, na Bagalu walikuwa wanaujua wote. Uliimbwa kwa Kisukuma, lakini maana yake ni hii:

*Mganga wa mjini kaiziba pua,*
*kisha kauliza mbona haipumui.*
*Pikipiki yangu, pikipiki yangu,*
*hata mjane angempisha kilioni.*

Wimbo mzuri haungoji mtu. Uliondoka Kishapu juu ya malori ya pamba, ukashuka stesheni, ukapanda treni. Sabiti aliifuata njia hiyo hiyo kwa mkokoteni wa ng'ombe, amekalia mali yake. Alipoingia mjini, makuli waliokuwa wamekaa juu ya magunia walimpokea kwa ubeti wa kwanza. Kinyozi akampa wa pili. Mwenye duka mmoja aliyewahi kumlipa kwa kutibu cherehani alitoka nje, akaitazama cherehani yake mlangoni, akamtazama Sabiti, na ikawa dhahiri kwamba anafanya hesabu za zamani. Ufundi wake Shinyanga ulikuwa umekwisha, na Kahama pia, na kote kule ambako lori lingefika.

Mizigo ya Bi Mwahija ilikuwa imefungwa tayari, lori la Geita liko barabarani. Baraza lilikuwa limejaa watu waliokuja kumuaga. Sabiti akaushusha mzoga wake, akaukokota mpaka kwenye ngazi, akasimama kando yake bila nyusi.

"Hii ni yangu kwa haki," akasema. "Nimepewa mbele ya watu."

Hakuwa na hila yoyote iliyobaki. Alisimama tu, na alikuwa anaogopa. Bi Mwahija aliuzunguka mzoga, akaugusa kwa ncha ya kiatu, ukaacha alama nyeusi.

"Uimbe," akamwambia.

Alikataa. Akaomba aombwe jambo jingine lolote. Bi Mwahija akaweka mkono kwenye mizigo, kama anayetaka kumwita dereva, na Sabiti akaanza, kwa sauti ndogo, macho chini. Ubeti wa kwanza watu walicheka. Alipofika kwenye *pikipiki yangu*, moto wote ule ukamrudia, na sauti ikamkatika kweli, machozi yakamtoka. Waliokuwa wakipita njia wakasimama. Mwenye kunyolewa akaja na povu kichwani. Baraza likajaa mpaka barabarani, watu wakaomba arudie, na walipokuwa wakingoja arudie wakaomba chai, mpaka ikabidi birika lifunguliwe kutoka kwenye mizigo.

Siku hiyo hiyo walikwenda kwa kadhi, kwa kuwa Bi Mwahija naye si mtu wa kuvunja ahadi. Masharti alimpa njiani, juu ya lori: mzoga utasimamishwa mbele ya mkahawa huko Geita, yeye hatagusa injini ya mtu bila kwanza kuonyesha viganja vyote viwili, na kila asubuhi, wachimbaji wakitoka mashimoni, ataimba. Sabiti alikubali yote. Akajiambia kimoyomoyo kwamba baada ya wiki moja atakuwa amezoea, atauimba wimbo ule kama wimbo mwingine wowote.

Hakuzoea. Kila asubuhi alipofika pale kwenye *pikipiki yangu* alilia upya, na wachimbaji waliagiza kikombe cha pili.